Mkia wa Jina la Namba Saba

6 Februari

Mbishi wangu,

Umekula? Usinijibu kwamba umekula biskuti, hizo si chakula. Sisi huku hatujambo. Mama yako amepaka jiko rangi ya kijani, kijani kabisa, ukiingia asubuhi unajiona uko ndani ya chupa. Nimemwambia hivyohivyo. Alininunia asubuhi nzima, mchana akaja kuniuliza kama kweli inachukiza. Mjomba wako bado anaitengeneza ile pikipiki, naona sasa pikipiki ndiyo inamtengeneza yeye.

Usishangae kupata barua. Najua nina simu na wewe unayo. Daktari wa koo amenikataza kuongea ila kwa shida, na kuandika kwa kidole gumba juu ya kioo mimi nimeshindwa. Juzi nilitaka kumwandikia mchungaji "asante" likatoka neno ambalo mpaka leo sijui alilipokeaje. Kalamu naiweza. Basi la mizigo linapita kila wiki, utapata.

Jambo lenyewe nalisema mara moja tulimalize. Uvimbe wangu wa kooni si mzuri. Daktari anataka kuondoa kisanduku cha sauti chote. Anasema nitapona, nitakula, nitatembea, nitapumua kwa tundu la shingoni. Kuongea, basi. Amesema mwezi wa tatu.

Kazi yangu unaijua. Nimezeeka mbele ya bodi ya simu, vitundu mbele yangu na waya mkononi. Jina hukuruhusiwa kutaja, unataja namba ya kiti chako, na mimi nilikuwa Namba Saba. Watu wa miji ambayo sijaikanyaga walikuwa wakinisikia tu, "Namba Saba hapa, nikuunganishe na nani?" wanashusha pumzi: "Ah, afadhali ni wewe." Sokoni tungepishana wasinitambue. Wananijua kwa sauti tu, Mbishi, hawana kingine changu. Sauti ikiondoka, kwao mimi ni nani?

Kwa hiyo nataka tovuti yangu mwenyewe. Nimeanza kujirekodi, kidogo kidogo, asubuhi koo likiwa halijachoka. Nataka yeyote aliyewahi kunisikia aandike Namba Saba, anisikie. Wewe ndiye fundi wa mambo hayo. Mama yako anasema jina la tovuti lazima liwe na kitu nyuma yake, nukta na herufi. Nieleze ni kitu gani, na fanya haraka.

Mama Mkubwa wako


19 Februari

Mama Mkubwa mpenzi,

Shikamoo. Nimekula, na si biskuti, ni mkate. Mwambie mama anitumie picha ya hilo jiko. Mimi sijambo. Kazini wamenihamishia chumba cha seva, chumba cha baridi kali, kimejaa makabati yenye taa ndogo za kijani zinazopepesa, na kelele za feni tangu naingia mpaka natoka. Barua yako niliisomea humo, nimevaa koti. Nikalia, kisha nikajifuta haraka kwa sababu mkuu wangu anaamini machozi yanaharibu mitambo.

Hicho kitu cha nyuma sisi kazini tunakiita ekstensheni. Najua wewe ukisikia ekstensheni unafikiria simu ya ndani ya karani na ya mkurugenzi, kwa hiyo tukiite mkia.

Sasa kaa chini nikwambie kitu ambacho mimi mwenyewe, na miaka yote niliyofanya kazi hii, bado kinanisisimua. Mtu akiandika jina la tovuti, mashine haianzi kulisoma mwanzo. Inaanzia mkiani. Juu kabisa, juu ya mtandao wa dunia nzima, kuna orodha moja ya mikia yote iliyopo. Mashine inakwenda kwanza huko: nani anautunza mkia huu? Inaelekezwa. Inakwenda kwa mtunzaji wa mkia: nani ana jina hili? Inaelekezwa tena. Ndipo inagonga mlango wa nyumba yenyewe. Safari hiyo yote inakwisha kabla hujapepesa jicho. Na nyuma ya mkia, Mama Mkubwa, kuna nukta nyingine ambayo hatuiandiki, kila jina duniani linayo, na nukta hiyo ndiyo ile orodha ya juu. Siku nilipofundishwa hilo nilitoka nje ya darasa nikasimama uani kama mjinga.

Mikia yenyewe ni mingi. Upo wa com, ulianza kwa ajili ya biashara. Org ni wa vyama na mashirika. Net ulikuwa wa watu wa mitandao. Info wa habari. Kila nchi ina wake wa herufi mbili. Vipo visiwa vidogo mno vya mbali ambavyo mkia wao umegeuka kuwa mali, kwa sababu herufi zake ni tv, na watu wa televisheni dunia nzima wanautaka. Na ipo nchi moja kubwa iliyovunjika zamani, haimo tena katika ramani, lakini mkia wake bado upo na bado unaitika.

Nadhani tusiharakishe. Jina ukishalichagua unakaa nalo. Fikiria, nami nifikirie.

Wako,
Mbishi


3 Machi

Mbishi wangu,

Mkate mtupu? Haya.

Mama yako anakusalimia, picha hatumi, anasema atapaka upya. Mjomba ameiwasha pikipiki, imekwenda mpaka kwenye kona, ameirudisha akiisukuma.

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena. Wee mtoto! Kumbe hayo ndiyo mambo unayofanya huko na unatuambia tu "niko kazini"? Mimi nilidhani unabonyeza vitufe. Kuanzia mkiani! Lakini Mbishi, na sisi tulifanya hivyo. Mtu wa mbali akitafutwa huanzi na nyumba yake. Unaanza na kituo kikuu, kikuu kinakupa mji, mji unakupa laini, ndipo kengele ilie mezani kwa mtu. Mambo ya mbali kwanza, ya karibu mwisho. Nilijua bodi zetu zimeng'olewa na kuuzwa chuma chakavu. Sikujua kwamba kuna bodi moja kubwa imewekwa mahali pake, haina kiti, haina mtu, na inaunganisha dunia nzima kwa wakati mmoja. Nimeweka mkono kifuani. Na hiyo nukta isiyoandikwa mimi hata usingizi imenipunguzia, naiwaza tu.

Tuje kwenye mikia. Com sitaki, sina cha kuuza. Org sitaki, chama changu kina mwanachama mmoja na hapatani na nafsi yake. Info, ala! Mimi niliyesikia mambo ya ndoa, madeni na siasa za watu kwenye zile waya na nikaapa sitatoa hata neno, leo nijitangaze kuwa natoa habari? Wenzangu watahama mji.

Lakini ile nchi iliyokufa imenishika. Nchi nzima imeondoka na jina lake bado ukiliita linaitika! Nimemsimulia mama yako kwa ishara, hakunielewa, akaniletea maji. Hebu niambie wewe: mkia gani utaendelea kuitika mimi nikiwa siitiki? Huo ndio ninaoutaka, mengine mapambo.

Umeuliza habari za daktari? Hukuuliza. Daktari yupo, anasema mambo ya daktari. Humu ndani nimefunga kadi ndogo ya kumbukumbu yenye rekodi zangu za kwanza. Sikiliza uniambie kama zinafaa.

Mama Mkubwa wako


28 Machi

Mama Mkubwa mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, kazi zilinibana. Huku kumekuwa na joto hata watu wa ofisi nyingine wanatafuta visingizio vya kuja kwenye chumba changu cha baridi. Mmoja amesingizia kapoteza kalamu.

Mkia unaoitika milele haupo. Nasema ukweli. Kila jina linalipiwa kila mwaka, na asiyelipia ananyang'anywa. Lakini kuna unafuu wa huu na ugumu wa ule, ndiyo maana natafuta kwa makini. Ule wa nchi yetu unadai mwenye jina awepo na kitambulisho, kukitokea jambo ni usumbufu. Com ungekuwa rahisi kukumbukwa, lakini Namba Saba huko imeshachukuliwa na mtu anayeuza kandambili. Usicheke. Siku hizi pia imetoka mikia mipya mingi: wa redio, wa maisha, wa dunia. Upo mmoja unaoandikwa cat, watu wanadhani ni wa paka wa Kiingereza, kumbe ni wa lugha fulani. Ule wa redio nimeupenda. Ule wa dunia pia. Nimewaandikia wanaoutunza wa redio kuuliza masharti, hawajajibu. Nadhani tungojee majibu yao, kisha tulinganishe, labda mwezi ujao tutakuwa na picha nzuri.

Kadi nimeipata. Asante. Nitakuandikia kuhusu rekodi.

Msalimie mama. Pumzisha koo.

Mbishi


15 Aprili

Mbishi,

Hatujambo. Jiko sasa ni la manjano.

Nakuandikia kwa kifupi kwa sababu nimekukasirikia kidogo na sitaki ikue. Nimekuuliza swali moja ukaniletea paka. Redio ya nini? Mimi sikuwa redio. Redio inaongea yenyewe kwa yenyewe, mimi nilikuwa nazungumza na mtu.

Nimeshachagua. Net. Umesema ulikuwa wa watu wa mitandao, na mimi nilikaa ndani ya mtandao tangu ni msichana mpaka naota mvi. Hakuna nyumba inayonifaa zaidi ya hiyo. Na kama kila mwaka lazima mtu alipie, basi utakuwa ukiitika maadamu yupo mtu wa kuukumbuka. Hilo nimelala nalo, nimeamka nalo, nimeona ni haki. Sasa tafuta wa kuukumbuka.

Sauti inakatika. Asubuhi napata maneno mazima, saa ya chai yameanza kupasuka. Rekodi nyingine zimetoka vizuri, nyingine nimezifuta. Zile za kadi ya kwanza hujaniambia neno. Umezisikiliza, au hukuzisikiliza?

Mama Mkubwa


2 Mei

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu, utanisamehe.

Mama amenipigia simu. Amenipigia akiwa nyuma ya nyumba ili usimsikie. Ameniambia daktari alikuwekea siku mwezi wa tatu ukakataa, akakuwekea nyingine mwezi wa nne ukakataa, na zote mbili ulisema unangoja tovuti. Unangoja mimi nichague mkia! Mama Mkubwa, uvimbe haungoji. Kwa nini hukuniambia? Nimepiga kelele kwenye chumba cha seva, hakuna aliyenisikia kwa zile feni, nikapiga tena.

Halafu nikaacha, kwa sababu na mimi sina mdomo wa kusema. Net ungeweza kusajiliwa ile ile wiki ya barua yako ya kwanza. Ni kazi ya kumaliza kikombe cha chai. Hakuna mtu wa redio niliyemwandikia. Nilikuwa nahesabu hivi: tovuti ikikamilika, utakwenda kukatwa, na sauti yako itakuwa imekwisha. Basi isikamilike. Nikakutafutia mikia kama mtu anayeficha funguo za gari ili mgeni asiondoke. Sikujua kwamba wewe huko umekaa mlangoni na mzigo, unaningoja mimi.

Na kadi sikuwa nimeisikiliza. Niliiweka kwenye droo ya soksi.

Saa ile ile mama alipokata simu nilisajili jina. Nambasaba, nukta, net. Nimejiandika mimi kuwa wa kuulipia, kila mwaka, na nimewaonyesha wenzangu wawili hapa namna ya kuulipia nikiwa sipo. Kisha nikatoa kadi kwenye droo, nikavaa vipokea sauti, nikakaa sakafuni katikati ya makabati.

Nimekusikia maisha yangu yote, ukinigombeza, ukiniita nikaoge, na sikuwahi kukusikia. Ile ya siku yako ya kwanza kazini nimeirudia mara ngapi, nimecheka mpaka koti limenivuka. Lakini ile unayohesabu tu majina ya miji, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama ulivyokuwa ukiiita kwenye waya! Nilifumba macho nikaiona nchi nzima kutoka juu, na taa zikiwaka kila ulipotaja mji. Mwili ulinisisimka wote. Mimi nafanya kazi ndani ya mtambo unaounganisha dunia na sijawahi kuuhisi mpaka nilipokusikia wewe ukitaja miji.

Tovuti imeshapanda mtandaoni. Ipo. Ukurasa mmoja mweupe, jina, na rekodi zako chini yake. Mama atakufungulia kwenye simu yake. Sasa nenda hospitali. Nakuomba. Ninakuja.

Mbishi wako


9 Mei

Mbishi wangu,

Mama yako amenifungulia. Tulikuwa jikoni, kwenye manjano. Ameandika jina, akabonyeza, nikajisikia nikitoka kwenye kiganja cha mdogo wangu. Wote wawili tulirudi nyuma. Mjomba wako aliyekuwa nje akaitika! Alidhani namwita. Akaingia anajifuta grisi, akatukuta tumeshikana mikono, akauliza nani kafa. Mama yako akamwambia hajafa mtu, sikiliza, na yeye akavua kofia.

Kunificha umenificha, na mimi nimekuficha. Tumetoshana nguvu, tusirudie. Ila usifikiri nilikuwa jasiri. Niliogopa. Nilisema moyoni, nikikatwa kabla haijawekwa, halafu isiwekwe, nitakuwa nimeondoka kabisa na bado natembea. Hilo ndilo lililonikalia kooni zaidi ya uvimbe. Kukatwa sikuogopa hata kidogo, hata leo siogopi, na daktari nimemwambia wiki ijayo. Amepiga meza kwa furaha kama mtu aliyefunga bao.

Kazi nimeshaimaliza upande wangu. Wenzangu wa kituo, wale walio hai na wenye anwani, nimewaandikia kadi kila mmoja kwa mkono. Nimewapa anwani ya tovuti na nimeiandika kitaalamu kama ulivyonifundisha, kwa jinsi mashine inavyosoma. Bi Msimamizi wetu, yule aliyekuwa akitembea nyuma ya viti vyetu na rula, nimempa ya kwanza. Mama yako amezipeleka posta zote.

Njoo. Na ukija usilie kwenye wodi, kuna watu wagonjwa mle.

Mama Mkubwa wako


25 Mei

Mama Mkubwa mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama, basi lilikuwa na mtu mmoja anakoroma na sisi wengine tunamsikiliza. Mama ameniambia kwa simu kwamba shingo inakauka vizuri, na kwamba umemfukuza muuguzi kwa kunyanyua nyusi tu. Nimejua unapona.

Bado nasikia ulivyoniambia walipokuwa wanakusukuma kwenda kukatwa. Nilingoja neno kubwa. Ukasema, "Nywele zako hizo, chana." Nimezichana, Mama Mkubwa. Nazichana kila siku.

Sasa, zile kadi. Mama alinionyesha moja iliyobaki. Umeandika NET, halafu nukta, halafu NAMBASABA. Mkia mbele! Kwa sababu mimi nilikwambia mashine inaanzia mkiani. Ewe mama, mashine inaligeuza jina yenyewe, mtu anaandika kama kawaida! Nilishika kichwa. Nikasema basi, kadi zote zimepotea bure, na siwezi kukwambia ukiwa kitandani na mipira shingoni. Niliporudi kazini nikafungua kumbukumbu za seva, zinazoonyesha wanaoingia kwenye ukurasa wako, nikitegemea kukuta mama na mjomba.

Nimekuta watu. Wa mji huu, wa mji ule, ile miji uliyoitaja kwenye rekodi, mingi. Mtu mmoja amekaa kwenye ukurasa wako tangu asubuhi mpaka jioni. Nilidhani mtambo umekosea, nikaukagua mara mbili. Kisha ikaja barua pepe kutoka kwa mjukuu wa Bi Msimamizi. Anasema bibi yake alimpa kadi, yeye akaandika ilivyoandikwa, ikakataa. Akamwambia bibi, anwani mbovu. Bibi akaitazama kadi, akasema, "Mbovu kitu gani? Ameanzia kituo kikuu. Anzia kwa mtu, urudi nyuma." Akaandika hivyo, ikafunguka. Na wengine walioniandikia ni hivyohivyo. Hakuna opereta hata mmoja aliyeshindwa, wote waliisoma kwa kurudi nyuma bila kuelezwa na mtu, na wajukuu zao wamebaki midomo wazi. Na mimi nimebaki mdomo wazi kama wao.

Bi Msimamizi amesikiliza rekodi zote, anasema mjukuu, akiwa amesimama. Kisha akasema, "Namba Saba bado anavuta mwisho wa neno. Nilimkataza." Akalia mpaka wakamkalisha.

Nimeganda mbele ya kioo hiki siku kadhaa sasa, natazama wanavyoingia mmoja mmoja. Sijapata kuona kitu kama hiki katika kazi yangu.

Mbishi wako


4 Juni, wodini

Mbishi wangu,

Hongera kwa kuchana nywele. Mimi naendelea vizuri, nakula uji, naanza kuchoka nao. Mama yako yuko hapa, anamfundisha muuguzi mkuu habari za rangi za ukuta. Kumbe kadi niliharibu! Nilicheka, na kucheka kwangu siku hizi ni upepo tu unaotoka shingoni, daktari akaja mbio akidhani nazidiwa. Bi Msimamizi mwambieni nilikuwa navuta neno makusudi, watu walipenda.

Nina habari ya kukupa. Jirani yangu wa kitanda ni fundi cherehani, mkubwa kidogo kuliko mama yako, mwenye uvimbe kama wangu. Tangu aletwe amegeukia ukuta. Binti yake akija na chakula anamwambia weka hapo, ondoka. Wauguzi wamembembeleza, daktari amemchorea picha, hataki hata kutazama. Mimi ningemwambia neno, na unajua maneno ninayo, lakini ndiyo hivyo.

Jana mchana nikachukua simu. Nikaandika jina langu lote, safari hii mkia ukiwa nyuma, nikabonyeza, nikaiweka kwenye mto wake karibu na sikio. Ikaanza ile ya siku yangu ya kwanza kazini, nilipokosea waya, nikamuunganisha mteja wa muuza maziwa na mkuu wa polisi, na mkuu wa polisi akagombezwa kwa maji yaliyotiwa kwenye maziwa ya jana mpaka akaomba radhi. Nikaona mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka na ukuta.

Akageuka. "Huyu nani anaongea?"

Nikajigusa kifua.

Akatazama shingo yangu, tundu na bandeji. Akatazama simu. Akanitazama mdomo, mdomo umefumbwa, na mimi naongea, Mbishi, naongea kwa sauti nzima, natania watu! Nywele zilinisimama. Tangu nikatwe nimejisikiliza mara nyingi kwenye hiyo tovuti, lakini sikuwahi kujiona nikisikika usoni mwa mtu mwingine. Hata mama yako akaacha habari za rangi.

Hakulia. Aliketi kitandani, akavuta khanga, akasema, "Mimi nawaimbia wajukuu ninapowalaza. Nyimbo zenyewe nimezitunga mwenyewe, hakuna mwingine anazijua." Akatazama simu yake kwenye meza. "Na hii inarekodi?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasafisha koo. Mwanzo aliimba chinichini kwa aibu, sauti inakwaruza, anakatisha, anaanza upya. Baadaye akasahau kama tupo. Muuguzi alisimamisha kigari cha dawa pale pale njiani. Mimi nilimshikia simu karibu na mdomo, mkono ukinichoka nabadilisha. Binti yake alipokuja na chakula cha jioni alikuta mama yake anaimba, akakaa chini mlangoni na sufuria mapajani.

Nyimbo zote tumezipata. Kadi ya kumbukumbu yenye nyimbo zake nimeifunga humu pamoja na karatasi, jina la tovuti ameliandika mwenyewe, mkia hajui, anauliza wewe utamshauri upi. Usimletee paka. Mama yako anakuletea bahasha hii kwa mkono wake, anapanda basi sasa hivi. Amekubali mwenyewe, kesho kutwa asubuhi wanamkata, na akizinduka nataka nimbonyezee, ajikute anaimba.

Mama Mkubwa wako